Matanga ya Trufosa

Petro alinipigia simu asubuhi nikichambua mboga, akasema mama yake amelala. Alitumia neno hilo, kulala, na kwa muda mfupi nilitaka kumwambia basi asimwamshe. Kisha nikaelewa. Alisema mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwao Khwisero, na kwamba mama aliacha neno: wasimzike kabla Fanisi hajafika. Fanisi ni mimi. Nilipokata simu nilirudi kwenye mboga zangu nikakata za kulisha watu kumi, na mimi naishi peke yangu.

Mama Petro hakuwa mama yangu, wala shangazi, wala mtu wa ukoo wetu. Alikuwa mwenye nyumba. Nilipanga kwake Shirere mwaka mmoja tu, katikati ya ile miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na mmoja na nikisomea uhazili katika chuo kimoja kidogo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati, mjini Kakamega. Wazazi wangu na malezi yangu sitavileta hapa. Walikuwa watu wema, walikufa bila kujua lolote, na nimeshawasifu vya kutosha kwingine. Humu nataka kukaa na mwanamke mmoja na mkeka wake, kwa sababu nimeishi miaka mingi nikidhani najua alichonifanyia, na nilikuwa najua nusu.

Nyumba zake zilikuwa vyumba vitano vya udongo vilivyopakwa saruji, vimesimama mstari mmoja mbele ya nyumba yake mwenyewe. Dari hazikuwapo na kuta za katikati hazikufika juu, kwa hiyo wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha tano anamwambia afya. Changu kilikuwa cha tatu. Nilikuwa na kitanda, sanduku la bati, jiko la mafuta ya taa na ubao niliouchora herufi za taipureta kwa chaki ili nizoeze vidole jioni. Chuoni mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa tusiangalie herufi, na mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote darasani. Nasema hivyo bila haya. Nilikuwa mwepesi, nilikuwa na nywele za kalikiti, zilizotiwa dawa zikajikunja na kung'aa mafuta, na nilijua nitafanya kazi katika ofisi yenye zulia.

Kiongozi wa darasa letu ndiye aliyeongoza maombi kila Jumatatu kabla ya masomo. Jina lake halitaingia humu. Si kwamba namwogopa. Karatasi ni yangu, nami nachagua wa kumweka. Jumapili moja ya mwezi wa sita, saa za ibada, nilienda chumbani kwake kuchukua kitabu cha hati mkato alichoniahidi. Niliingia saa nne, nikatoka kabla ya saa sita. Aliyoyafanya katikati aliyafanya kwa nguvu, mimi nikisema sitaki, redio yake ikiimba nyimbo za kanisa. Hayo yanatosha. Wako watu walionitaka niongeze, na niligundua kwamba kila aliyetaka zaidi alitaka maelezo, hakunitaka mimi.

Siku iliyofuata nilioga mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Bafu lilikuwa la mabati nyuma ya migomba, na maji tulichota kwenye mfereji uliokuwa mbele ya mlango wa Mama Petro, kwa hiyo hapakuwa na kuoga kwa siri. Mara ya nne alinikuta na ndoo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na wapangaji tulimwogopa kwa sababu hakupenda vicheko vya ovyo na hakuwahi kurudia jambo mara mbili.

"Rudisha hiyo ndoo," akasema. "Maji haiwezi kutoa hiyo kitu."

Nilisimama pale. Sikuwa nimemwambia mtu. Hakuniuliza kuna nini, aliuliza, "Ni nani?" Nikamwambia. Akanipokonya ndoo, akanipeleka jikoni kwake, akanipa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, kisha akaketi mlangoni akinipa mgongo, akiuangalia uwanja, mpaka nikamaliza. Hakunigusa. Siku hizi nasikia vyuo vina vyumba vya ushauri, vyenye viti laini na karatasi za kufutia machozi, na ninawafurahia kwa dhati wasichana wanaovikalia. Mimi nilipewa kigoda na mgongo wa mwanamke aliyeziba mlango, na siku ile sidhani ningeweza kuvumilia uso.

Mchana alinisindikiza kwenye zahanati, nikapewa dawa na mhudumu ambaye hakuinua macho. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo. Alikuwa mama mwenye mabinti, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Alinisikiliza huku akinyoosha karatasi zilizokuwa zimenyooka. "Fanisi," akasema, "unataka mtihani ama unataka kesi? Zote mbili hapa haziwezekani." Akaongeza kwamba kijana yule ni tegemeo la chuo, na kwamba mimi nirudi nyumbani nipumzike, nije tena mwaka ujao. Kwetu hapakuwa na mwaka ujao. Ilikuwa mtihani wa Novemba au jembe, na yeye alijua, kwa kuwa alikuwa na fomu yangu mezani.

Kwa hiyo nikafunga sanduku. Nakumbuka nilikunja kila nguo kwa uangalifu mkubwa, hata zile chafu. Mvua ya Kakamega ilikuwa imepiga mabati kuanzia saa nane, na ilipokatika ghafla nikasikia mazungumzo ya chumba cha pili, walikokaa Doreen na Josefina, wa darasa letu, ambao habari zangu zilikuwa zimeshawafikia. Nadhani hawakutambua kwamba mvua imekwisha.

"Si alijipeleka mwenyewe?" alisema Doreen.

"Saa ya kanisa, tena. Na hiyo nywele."

"Ndiyo nakwambia. Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Mama Petro alikuwa mlangoni kwangu na sahani ya viazi vitamu. Alikuwa ameyasikia yote. Alikuja akaiweka sahani juu ya sanduku, akatazama kamba niliyolifungia, akabaki ameinama kwa muda ambao ulinitisha. "Hauna kilio," akasema polepole. "Hiyo maneno mimi nimeambiwanga." Akatoka. Baada ya kitambo nilisikia vitu vikiburutwa. Nilichungulia. Alikuwa anatoa viti vyake nje, kimoja kimoja, pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, kisha meza, kisha kabati la vyombo ambalo alilisukuma kwa bega. Katika sehemu zile, ukiona sebule inatolewa vitu na mikeka inatandikwa, huulizi kama kuna jambo. Unauliza ni nani.

Nikamfuata. Alikuwa anafagia sebule tupu. "Kaa hapo," akanionyesha mkeka wa karibu na ukuta. "Sikiza mimi. Mtu akifiwa, haachwangi peke yake. Wamama wanakuja, wanakaa na yeye mpaka anaweza kusimama. Hii yako wakiisikia, kila mtu atakaa kwake na kuongea. Wakisikia umefiwa, watakuja."

"Lakini sijafiwa, Mama."

"Umefiwa."

"Na nani amekufa?"

Ufagio ulisimama. "Trufosa," akasema. "Dada yako."

Sikuwa na dada wa jina hilo. Nikaogopa, na woga wangu ulikuwa wa kweli, maana hata mtoto mdogo anajua kwamba kutangaza kifo ambacho hakipo ni kukialika. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, bila kunitazama, kwamba nisihofu, kwamba jina hilo haliwezi kumwita mtu. Nilichukulia kwamba amelitunga papo hapo, na kwamba mtu asiyekuwapo hadhuriki. Nililala juu ya mkeka kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana, na sanduku langu likabaki limefungwa kule chumba cha tatu.

Walikuja kabla jua halijatua. Wa kwanza alikuwa Mama Hadija, Mwislamu wa Mumias aliyeuza leso na mashuka barazani kwake ng'ambo ya barabara. Aliacha viatu nje, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akaketi na kunyoosha miguu. Nyuma yake akaja Selina, ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda cha sukari na alirudi mwisho wa mwezi tu, kabeba kuni kichwani na majani ya chai kifuani. Kisha wengine wa mtaa. Hakuna aliyeniuliza lolote. Walinikuta, wakaniambia pole, wakaketi, wakawa wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa changu na kando yangu: trekta la miwa lililokwama darajani, kuku wa fulani anayetagia kwa jirani, binti wa shemeji aliyeolewa mbali akasahau kusalimu watu. Nilitaka kuwachukia. Badala yake nikapata usingizi, wa kwanza kwa siku tatu, kichwa kikiwa karibu na goti la Selina lililonukia moshi.

Siku nne walikaa kwa zamu. Kupika nilikatazwa, kwa kuwa mfiwa hapiki. Nilimegewa obusuma, ugali wetu, wa mtama na mboga ya mrenda, siku ya pili kuku, ingokho, na nikikataa walikuwa wanashangaa kidogo tu na kuiacha sahani ilipo hadi nile. Nikienda msalani, mmoja alisimama na kwenda nami kana kwamba naye ana haja. Nikilia usiku, walinifunika. Nilikuwa nalia kwa ajili ya mwili wangu na nilikuwa napewa pole kwa ajili ya marehemu wa kubuni, na jambo la ajabu ni kwamba pole ile ilinifikia. Ilinikuta mahali ambapo ingeshindwa kuingia kama ingeitwa kwa jina lake.

Mama Hadija alikuwa mtu wa kutaka kujua. "Huyu Trufosa alikuwa mgonjwa?" aliuliza siku ya pili, chai ikimiminwa.

"Hakuwa mgonjwa," alijibu Mama Petro.

"Mtu mzima?"

"Kumi na tisa."

"Maskini. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Nikajikaza, nikijua sasa uongo utafika ukingoni. Mama Petro aliweka birika chini. Alisema Trufosa alikuwa na mwanya, alikuwa mkaidi, alikuwa hawezi kufua bila kuimba, na akiimba alisahau nguo zikaenda na maji. Alisema alichukia maziwa yaliyoganda. Kisha akajifunika uso kwa leso na kulia, kilio kizito chenye sauti, na wanawake wote wakaitikia. Nami nikasema moyoni: huyu mama ni fundi wa uongo. Nilimstahi kwa ufundi huo miaka mingi, niliwahi hata kuwasimulia marafiki na tukacheka.

Siku ya tatu, mvua ilipokwisha, chuo kikaja. Desturi ilikuwa kwamba mwanafunzi akifiwa, darasa linatuma wajumbe na sukari na mkate, na wajumbe wanaongozwa na kiongozi wa darasa. Sikuwa nimelifikiria hilo, na sidhani Mama Petro alikuwa amelifikiria. Niliona viatu vyake mlangoni kwanza. Aliingia ameshika mfuko wa sukari kwa mikono miwili, Doreen na Josefina nyuma yake na mikate, na wavulana wawili. Akapiga magoti akaomba. Alimwomba Mungu amfariji dada yetu Fanisi katika wakati huu mgumu. Sauti yake ilikuwa nzuri, nakiri, ilikuwa nzuri sikuzote. Nilishika mkeka na kuhesabu misuko yake. Alipomaliza, akainuka akamnyooshea Mama Petro ule mfuko.

Lazima nieleze jambo hapa, kwa vijana waliokulia kwenye majumba ya mazishi ya mjini. Sukari ya matanga haikataliwi. Hata mtu mliyegombana naye kwa mipaka ya shamba akiileta, inapokelewa, inapikiwa chai, mnakunywa wote na ugomvi mtaurudia baadaye. Ya mtu mmoja tu ndiyo hukataliwa, nayo ni ya yule ambaye wafiwa wanaamini mkono wake umo ndani ya kifo.

"Wewe ndiye nani?" aliuliza Mama Petro, hali anamjua. Kijana akataja jina lake lote, na cheo chake.

"Hiyo sukari rudi nayo."

Alidhani hakusikia vizuri. "Mama, imetoka kwa darasa lote."

"Darasa watabaki wakunywe chai. Wewe na sukari yako mrudi."

Hakuinua sauti. Mama Hadija, aliyekuwa anapenda kujua kila kitu, hakuuliza. Aligeuza uso ukutani. Selina alivuta miguu yake, taratibu, ili kijana apate njia ya kupita bila kumgusa mtu. Naye akapita, mfuko kifuani, akiangalia chini. Wale wavulana wawili hawakujua wamfuate au wakae, mwishowe wakamfuata. Doreen alibaki amesimama na mkate wake. Alimtazama Mama Petro, akanitazama mimi, uso wake ukabadilika nikiuona, akavua viatu na kuja kuketi mkekani mwangu. Hajawahi kulitaja jambo hilo hadi leo, na kila Krismasi ananitumia salamu.

Siku ya nne ni ya kumnyoa mfiwa. Mama Petro alinikalisha nje kwenye kigoda, akaniloweka kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akanyoa kalikiti yangu yote kwa wembe. Nywele zilianguka juu ya matope. Kisha akasema, "Sasa fungua sanduku." Nikalifungua. Jumatatu nilipanda ngazi za chuo na upara wangu, wanafunzi wakanipisha njia kama ilivyo kwa mfiwa, na mkuu wa chuo, ambaye alikuwa amesikia habari za sukari kama mji mzima ulivyokwisha kuzisikia, aliniona koridoni akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Hakunitajia tena kurudi nyumbani.

Ningependa kusema haki ilitendeka. Haikutendeka. Kijana yule alimaliza masomo, alipata kazi, na nasikia ni mzee wa kanisa mahali fulani. Yaliyompata ni kwamba kwa miezi mitano hakuna aliyemwomba aongoze maombi, na alikula peke yake. Mimi wepesi wa vidole haukurudi wote. Nilifaulu, si kwa sifa. Nilifanya kazi katika ofisi tatu, moja ilikuwa na zulia. Niliolewa nikaachika, na hadi leo mtu akiwasha redio ya nyimbo za kanisa asubuhi ya Jumapili natoka nje. Lakini nilitoka kwenye ule mkeka nikiwa na miguu, na kila mwaka niliporudi Shirere kumsalimu nilimwuliza Mama Petro kwa utani, "Na marehemu wetu anaendeleaje?" Alikuwa akijibu, "Amepumzika." Hakuwahi kucheka, nami sikujiuliza kwa nini.

Khwisero Jumamosi kulikuwa na matope na watu wengi. Nilikalishwa karibu na familia. Mjukuu mmoja, msichana wa sekondari, alisimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, shule, ndoa, ujane, nyumba za Shirere. Kisha akasoma, "Marehemu alijaliwa watoto watano. Wa kwanza ni Trufosa, aliyetangulia akiwa na miaka kumi na tisa. Wa pili ni Petro." Wazee waliokuwa mbele waliinamisha vichwa. Mimi nilisikia sauti inaendelea kusoma bila kushika neno. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifunguamimba wake. Miaka yote hiyo nilimwita Mama Petro, na Petro alikuwa wa pili.

Nilimpata nyuma ya jikoni, karibu na sufuria kubwa, macho yamemwiva kwa moshi na kilio. Sasa ni mwanamume mwenye mvi. Nikamwuliza.

"Ni dada yetu mkubwa," akasema. "Mimi nilikuwa darasa la tatu. Kuna mtu alimharibu, mwalimu wa kwaya, na aliposema hawakumsikiza. Basi akajitoa uhai." Alichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. "Mtu wa hivyo hawamlilii. Walimzika haraka kule mpakani, hakuna kuimba, hakuna mtu alikalia matanga. Mama alikatazwa hata kuitwa kwa jina lake. Ile siku alikuwa anaenda, alisema liandikwe. Alisema pia wewe ukuje usikie." Akanitazama. "Sijui kwa nini wewe."

Nilitaka kuketi, na hapakuwa na kiti. Mwanya. Nguo zilizokwenda na maji. Maziwa yaliyoganda. Nikamshika Petro mkono, ule wenye masizi.

"Matanga yake yalikaliwa," nikamwambia. "Siku nne, Shirere, kwa mama yako. Wanawake walijaa nyumba. Dada yako alililiwa, Petro. Mimi nilinyolewa."